Kamera, Kwaya na Kiswahili: Historia ya Watayarishaji wa Video za Kikristo katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika, Burundi

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya picha za Kikristo, za taa, za filamu na za video, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hususani Rumonge. Inaanzia kuingia kwa wamisionari katika karne ya kumi na tisa na kuishia zama za video za kwaya. Hoja yake ni kwamba Kiswahili, ambacho misheni za kikoloni zilikitilia shaka kwa kukihusisha na Uislamu na biashara, kilirejea makanisani kupitia wakimbizi wa mwaka 1972, kaseti zao na hatimaye video zao. Waliokipa Kiswahili hicho sura na njia ya kusafiri ni watayarishaji wa video, ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa mafundi wa kukodiwa tu. Makala inaonesha kuwa kazi zao ni hazina ya historia ya jamii, na kwamba hazina hiyo imo hatarini kupotea.

Maneno ya msingi: video za Kikristo, kwaya, Kiswahili cha Burundi, Rumonge, wakimbizi wa 1972

1.0 Utangulizi

Mji wa Rumonge umo zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Unajulikana kwa mawese, samaki na bandari, na kwa Kiswahili kinachosikika sokoni na mwaloni sambamba na Kirundi. Kwa muda mrefu ulikuwa sehemu ya mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 uligeuzwa makao makuu ya mkoa wenye jina lake, na katika mgawanyo mpya wa mikoa mitano umeingizwa katika mkoa wa Burunga. Mipaka ya utawala imebadilika mara nyingi, ila uhusiano wa mji huu na Kigoma, Uvira na Kalemie kwa njia ya maji umedumu.

Uchunguzi wa video za Kikristo barani Afrika umejikita zaidi katika filamu za maigizo. Birgit Meyer ameandika juu ya filamu za Ghana na uhusiano wake na Upentekoste. Katrien Pype amechunguza tamthilia za televisheni zinazotengenezwa na waumini waliookoka jijini Kinshasa. Nchini Nigeria, kundi la Mount Zion lililoanzishwa na Mike Bamiloye mwaka 1985 limekuwa mfano wa huduma ya uinjilisti kwa njia ya maigizo. Katika mwambao wa Tanganyika hali ni tofauti, kwani zao kuu la watayarishaji wa video ni wimbo wa kwaya na si mchezo wa kuigiza. Tofauti hii ina sababu za kihistoria, na kuzielewa kunahitaji kurudi nyuma zaidi ya ujio wa kamera.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: imekuwaje lugha ambayo misheni iliikwepa ikawa lugha ambayo kwaya za mwambao huichagua zinaposimama mbele ya kamera? Jibu linatafutwa katika mambo matatu yanayofuatana: mahali misheni ilipoota mizizi, njia ambazo picha na sauti vilifika kwa waumini, na safari ya kwenda uhamishoni na kurudi.

2.0 Misheni, Mwambao na Suala la Lugha

Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji kuelekea ncha ya kaskazini ya ziwa, wakipita katika mwambao ambao leo ni wa Burundi. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, bado linatunza kumbukumbu ya safari hiyo. Miaka michache baadaye, mwaka 1879, Mapadri Weupe walifika Ujiji na mwaka huohuo wakafungua kituo Rumonge. Kituo hicho hakikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa katika mgogoro na wakazi wa jirani, na misheni ikaondoka.

Tukio hili lilikuwa na matokeo makubwa kuliko idadi ya waliokufa. Wamisionari waliporudi kwa kudumu hawakurudi Rumonge. Walijenga Muyaga mwaka 1898 upande wa mashariki, na Mugera mwaka 1899 katikati ya nchi. Ukatoliki wa Burundi ukakua kutokea nyanda za juu, katika mazingira ya Kirundi, ukiuacha mwambao kuwa eneo la wafanyabiashara, wavuvi na wapagazi waliozungumza Kiswahili. Waprotestanti nao walifuata njia inayofanana na hiyo. Marafiki walianza kazi Kibimba mwaka 1934, na Wapentekoste wa Uswidi wakaingia Kiremba, kusini mwa nchi, mwaka 1935 wakitokea upande wa Kongo. Vituo hivi vyote vilikuwa milimani.

Jiografia hiyo iliimarisha mtazamo juu ya lugha. Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika kazi zake, lakini wamisionari wengi walikiona kuwa mlango wa Uislamu na wa maisha ya mjini yasiyo na maadili. Kirundi kikawa lugha ya katekisimu, sala na shule za misheni. Kiswahili kikabaki katika mitaa kama Buyenzi jijini Bujumbura, na katika miji ya pwani ya ziwa kama Rumonge na Nyanza-Lac. Hata neno "Mswahili" likachukua katika mazungumzo ya wengi maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Mkristo wa mwambao alijikuta akiuza samaki kwa Kiswahili na kusali kwa Kirundi.

3.0 Taa, Sinema na Sauti ya Mkalimani

Picha ilitumika katika uinjilisti wa Afrika kabla ya sinema kubuniwa. Mwaka 1854 Livingstone alionesha picha za Biblia kwa taa katika mji wa Shinte. Picha ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya Isaka ilipotelezeshwa, baadhi ya wanawake walikimbia wakidhani kisu kinawaelekea wao. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa mshangao wa watazamaji. Kwa mtazamo wa historia ya mawasiliano, kina funzo jingine: picha peke yake haikutosha. Ilihitaji mtu wa kusimama kando yake na kueleza ni nani anayeonekana, anafanya nini na kwa nini.

Haja hiyo ya sauti ilijitokeza tena katika mradi mkubwa wa sinema uliofanyika Tanganyika kati ya 1935 na 1937. Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za Shirika la Carnegie na msaada wa serikali za kikoloni za Uingereza, lilianzisha majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham zilitengenezwa filamu 35 kuhusu kilimo, afya na maisha ya kila siku, zikaoneshwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Sauti yake ilirekodiwa katika santuri zilizopigwa sambamba na picha, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Hivyo miaka ileile misheni za Burundi zilipokuwa zikijiepusha na Kiswahili, sinema yenye asili ya kimisheni ilikuwa ikikitumia ng'ambo ya mpaka.

Katika Kongo ya Kibelgiji mapadri wenyewe walishika kamera. Miaka ya 1950 padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili, vilivyowafurahisha watazamaji wengi kwa wahusika wake wawili wenye vituko. Waigizaji walikuwa Wakongo, ila uamuzi juu ya kisa, picha na maadili ulikuwa wa padri. Mpangilio huu wa madaraka ni muhimu kwa mjadala wa hapa: Mwafrika alionekana kwenye picha, na pengine alisikika, lakini hakuwa mtayarishaji.

Kwa upande wa sauti, Burundi ilipata chombo kikubwa cha Kiprotestanti mwaka 1963, redio ya CORDAC, iliyotangaza kutoka Bujumbura kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Redio hiyo ilizimwa mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, ambaye katika miaka iliyofuata aliyabana makanisa na kuwafukuza wamisionari wengi. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1984 katika mazingira hayohayo. Burundi ilikuwa na televisheni miaka kumi kabla ya Tanzania Bara, ambako vituo vya kwanza vilianza 1994, lakini haikuwa televisheni ambayo kwaya ya kijiji ingeweza kuitegemea.

Filamu iliyofika mbali zaidi ilitoka nje. Filamu ya "Yesu" ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Peter Sykes na John Krish na kupigwa Israeli kwa kufuata Injili ya Luka, imetiwa sauti za lugha zaidi ya 2,000, zikiwamo Kirundi na Kiswahili. Kote Afrika Mashariki ilioneshwa viwanjani usiku kwa projekta, jenereta na shuka jeupe. Kwayo, nafasi ya mkalimani aliyesimama kando ya picha ilihamia ndani ya picha. Yesu alizungumza lugha ya mtazamaji. Hata hivyo sura, mavazi na mandhari vilibaki vya mbali. Sauti ilikuwa imekwisha kuwa ya nyumbani kabla picha haijawa ya nyumbani, na hatua hiyo ya pili ndiyo iliyosubiri watayarishaji wa video wa kienyeji.

4.0 Mwaka 1972: Uhamisho, Kwaya na Kaseti

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Watutsi wengi waliuawa katika siku za kwanza. Kisha serikali ya Michel Micombero ikaendesha mauaji ya Wahutu nchini kote, hasa wasomi, na makadirio mengi ya waliouawa huanzia watu 100,000 hadi 200,000. Miongoni mwao alikuwa padri na mshairi Michel Kayoya. Watu wa mwambao walikimbia kwa mitumbwi na kwa miguu kuelekea Kigoma na Kongo. Serikali ya Tanzania iliwapeleka wengi wao katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo.

Katika makazi hayo watoto walisoma kwa Kiswahili, na makanisa yaliabudu katikati ya Watanzania waliokuwa na Biblia ya tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952. Kirundi kilibaki lugha ya nyumbani na ya kumbukumbu, ambayo Liisa Malkki ameichambua kwa kina kutokana na utafiti wake Mishamo na mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980. Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni kwamba kizazi kilichokulia huko kilimjua Mungu kwa Kiswahili. Kwa kizazi hiki lugha hiyo haikuwa ya Uislamu wala ya soko. Ilikuwa lugha ya ubatizo wao.

Kwaya ndiyo iliyobeba mabadiliko haya. Gregory Barz, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu muziki wa kwaya Tanzania, ameonesha kuwa kwaya si kikundi cha kuimba tu. Ni jumuiya yenye viongozi, michango, sare, safari na wajibu wa kusaidiana katika harusi na misiba. Kwa wakimbizi, jumuiya ya aina hiyo ilikuwa na thamani ya pekee. Kaseti za kwaya zilipoenea, jina la Ulyankulu lilijulikana Tanzania nzima kupitia Kwaya ya Barabara ya 13. Namba ya barabara katika makazi ya wakimbizi ikawa jina la heshima redioni na sebuleni.

Kaseti ilikuwa nyepesi, ya bei nafuu na rahisi kunakiliwa. Ilivuka ziwa mfukoni mwa abiria. Njia za mitumbwi na meli, ikiwamo Liemba iliyoanza kuelea mwaka 1915, ziliunganisha Kigoma na mwambao wa Burundi na Kongo hata nyakati ambazo siasa ilitenganisha nchi hizo. Kwa hiyo nyimbo za Kiswahili zilirudi Rumonge kabla ya waimbaji wenyewe kurudi.

5.0 Kurudi na Kamera

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 vilichelewesha mengi. Tarehe 30 Septemba 1995 wamisionari watatu Waitaliano, mapadri Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na mlei Catina Gubert, waliuawa Buyengero, katika milima inayoutazama mwambao wa Rumonge. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na utulivu ukarejea hatua kwa hatua. Katika miaka ya 2000 maelfu ya wakimbizi walirudi. Mwaka 2008 ulifungua mlango kwa wakimbizi wa 1972 waliochagua kurejea, huku wengi wa wenzao waliobaki wakipewa uraia wa Tanzania. Waliorudi Rumonge na Nyanza-Lac walikuta mashamba yao ya michikichi yakiwa na wamiliki wengine, na watoto wao wakakuta shule zinazofundisha kwa Kirundi na Kifaransa. Kanisani, hata hivyo, walikuwa na kitu ambacho wengine walikitamani: ujuzi wa kwaya ya Kiswahili yenye vyombo, hatua za kucheza na sare.

Wakati huohuo teknolojia ilikuwa imeshuka bei. Tanzania ilikuwa imeshaingia katika mkondo wa kwaya za video, kwanza kwa mikanda ya VHS, halafu VCD na DVD. Kutoka Rwanda, kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kanisa la Waadventista la Remera ilionesha kuwa kwaya ya nchi isiyokuwa na desturi kubwa ya Kiswahili ingeweza kusikika Nairobi na Dar es Salaam kwa kuimba Kiswahili mbele ya kamera. Somo hilo lilieleweka mwambaoni.

5.1 Kazi ilivyo

Utengenezaji wa video ya kwaya katika ukanda huu hufuata utaratibu unaojulikana. Kwaya huanza kwa kurekodi sauti studio. Baada ya hapo hutafutwa siku ya kupiga picha, na waimbaji huigiza kuimba huku sauti iliyokwisha kurekodiwa ikipigwa kwa spika. Utaratibu huu unaeleza kwa nini ufuko wa ziwa umekuwa mandhari yenye kupendwa: upepo, mawimbi na injini za mitumbwi haviharibu chochote, kwa kuwa sauti haichukuliwi hapo. Mtayarishaji asiye na vipaza sauti vya gharama anaweza kupata picha nzuri mahali ambapo kurekodi sauti kungeshindikana.

Jua nalo lina masharti yake. Rumonge imo upande wa mashariki wa ziwa, hivyo maji yapo magharibi. Anayetaka kwaya isimame na ziwa nyuma yake hana budi kupiga picha asubuhi, jua likiwa nyuma ya kamera na likiangaza nyuso. Milima nayo huchelewesha jua hilo, kwa hiyo muda wa kazi ni mfupi. Alasiri kamera ingelitazama jua na waimbaji wangekuwa vivuli, hivyo kazi huhamia penye miti na maua, au kwaya hugeuzwa kutazama maji. Kwaya ya watu 30 yenye sare mbili au tatu na nyimbo nane haimalizi asubuhi moja. Nauli, chakula, mafuta ya jenereta na siku za kazi zilizopotea ni gharama ambazo hazionekani katika picha.

Baada ya hapo huja uhariri, kazi ya mtu mmoja na kompyuta moja, mara nyingi usiku, huku umeme ukikatika. Mhariri huoanisha midomo na sauti, hupanga picha za mstari wa mbele na za kiongozi wa wimbo, na huandika majina. Mwishoni hufanyika uzinduzi. Mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa bei ya mchango, waumini hufuata, na makusanyo hayo ndiyo hulipa madeni. Hapa pana kiini cha ugumu wa maisha ya mtayarishaji: akisubiri uzinduzi ndipo alipwe sehemu iliyobaki, malipo yake yanategemea ukarimu wa siku moja. Ndiyo maana wachache sana huishi kwa kazi ya kanisa peke yake. Harusi, mahari, mahafali na mazishi ndivyo hujaza pengo.

Utaratibu huu pia unajibu swali la kwa nini mwambao umezalisha kwaya na si maigizo. Maigizo yanahitaji mwandishi, waigizaji wanaopatikana kwa wiki kadhaa na mtaji wa awali. Kwaya tayari ina watu, nidhamu, mavazi, hazina ya michango na watazamaji wanaoisubiri. Mtayarishaji mwenye kamera moja aliikuta taasisi iliyokamilika, akaiongezea picha.

5.2 Uchaguzi wa lugha

Katika mkusanyiko wa nyimbo wa kwaya ya mwambao, Kirundi na Kiswahili huishi pamoja. Kirundi hubeba sifa za nyumbani, methali na maombolezo. Kiswahili hubeba mahubiri, wito wa toba na nyimbo zinazotarajiwa kusafiri. Sababu ya kwanza ni ya soko. DVD ya Kirundi husikilizwa na Warundi, na ya Kiswahili inaweza kuchezwa Kigoma, Uvira, Fizi, Kalemie na katika kambi kama Nyarugusu, ambako Wakongo na Warundi wameishi pamoja.

Sababu ya pili ni ya kijamii. Katika mji ambao Mhutu na Mtutsi, mrejeaji na aliyebaki, Mrundi na Mkongo wana kumbukumbu zinazogongana, Kiswahili hakimtambulishi mwimbaji kwa upande wowote wa majeraha ya 1972 au 1993. Kirundi ni lugha ya wote, ila lafudhi na misamiati yake inaweza kumfichua aliyekulia uhamishoni. Katika Kiswahili cha kwaya, mrejeaji hana upungufu. Mara nyingi yeye ndiye mwalimu.

Kiswahili hicho kina sura yake. Kinachota kutoka Biblia ya Muungano, kwa hiyo kina maneno mazito kuliko Kiswahili cha mwaloni. Pia kina alama za Kirundi na Kikongo katika matamshi na katika viambishi. Anayetazama video hizi kwa mfululizo hukutana na Kiswahili kinachosanifishwa si na shule bali na mazoezi ya kwaya, ambako mwalimu husahihisha neno kabla halijaingia studio. Kwa taaluma ya isimujamii, hiki ni chanzo cha data ambacho shajara za misheni haziwezi kukitoa.

5.3 Hadhi na haki

Pamoja na mchango huo, nafasi ya mtayarishaji kanisani ina utata. Mhubiri, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda hutambuliwa kama watumishi na huombewa. Mpiga video huhesabiwa kama fundi. Akidai malipo kamili huambiwa kuwa kazi ya Mungu haina bei, na akijitolea huonekana hana kazi. Kauli zote mbili hutoka katika fikra moja, kwamba picha ni chombo tu na haina mwandishi.

Fikra hii ina historia. Tangu wakati wa taa ya Livingstone hadi projekta ya viwanjani, aliyeshughulika na mitambo alikuwa msaidizi wa yule aliyenena. Video imebadilisha hali hiyo kwa vitendo bila kuibadilisha kwa jina. Anayeamua kwamba kwaya ya wavuvi itaonekana mbele ya mitumbwi yao, au kwamba bibi mzee wa mstari wa nyuma ataoneshwa akilia, anafanya uamuzi wa kitheolojia na wa kihistoria. Anasema nani ni kanisa.

Suala la haki ni gumu zaidi. Burundi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2005, lakini nakala ya DVD ilidurufiwa sokoni siku chache baada ya uzinduzi, na leo wimbo huwekwa katika YouTube na mtu yeyote aliyeupata katika flashi. Kwaya nyingi hulitazama jambo hili kwa moyo mbili. Kunakiliwa kunawapunguzia mapato, na kunakiliwa hukohuko ndiko kunakoufikisha ujumbe. Mtayarishaji hana faraja hiyo ya pili, hasa pale jina na namba yake ya simu vinapofutwa kwenye kona ya picha na kuwekwa vya mwingine.

6.0 Kumbukumbu Iliyo Hatarini

Wamisionari waliouawa Rumonge mwaka 1881 wanajulikana kwa sababu shirika lao lilitunza barua na shajara. Waliouawa Buyengero mwaka 1995 wanakumbukwa pia, na mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri pamoja na Michel Kayoya na waseminari 40 waliouawa Buta tarehe 30 Aprili 1997. Mchakato wa namna hiyo hudai ushahidi: nyaraka, picha na sauti za mashahidi. Mwumini wa kawaida wa mwambao hana shirika la kumtunzia barua. Kwa wengi, video ya kwaya ndiyo mahali pekee ambapo uso, sauti na jina lao vimehifadhiwa pamoja.

Hifadhi hiyo ni dhaifu. Mikanda ya VHS huota ukungu katika joto na unyevu wa ziwa, na deki za kuichezesha zimetoweka. DVD hukwaruzika. Kwa kawaida faili za awali hubaki katika kompyuta ya mtayarishaji, na diski ikiharibika au ikifutwa ili kupata nafasi ya harusi inayofuata, hakuna nakala nyingine yenye ubora uleule. Mtandaoni hubaki nakala iliyobanwa, bila mwaka, bila mahali na mara nyingine bila jina la kwaya.

Hatari nyingine hutoka katika historia na mazingira. Mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015 uliwafukuza watu zaidi ya 400,000 nchini. Wengi walipitia Kagunga, ambako Liemba iliwabeba hadi Kigoma. Kwaya zilitawanyika tena, na mkimbizi habebi kompyuta. Aidha, kupanda kwa maji ya Ziwa Tanganyika katika miaka ya karibuni kumefurika makazi na miundombinu ya mwambao, Rumonge ikiwamo. Nyumba inapoingia maji, sanduku la kaseti halimo miongoni mwa vitu vya kwanza kuokolewa.

Upotevu huu una athari ya kitaaluma. Historia ya Kiswahili nchini Burundi imeandikwa kwa kutegemea sera, shule na mitaa ya Waislamu wa mijini. Bila video hizi, sehemu ya historia hiyo iliyopitia makanisani itaonekana kana kwamba haikuwapo, na dhana ya zamani kuwa Kiswahili ni kigeni kwa Mkristo wa Burundi itaendelea kurudiwa bila kupingwa na ushahidi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kuwa kukosekana kwa misheni ya kudumu Rumonge baada ya 1881 kuliuacha mwambao nje ya kitovu cha Ukristo wa Kirundi, na kukiacha Kiswahili nje ya kanisa. Wakimbizi wa 1972 walikipokea Kiswahili kama lugha ya imani, kaseti ikakivusha ziwa, na watayarishaji wa video wakakipa nyuso na mandhari ya nyumbani. Katika mfululizo huu mtayarishaji si kiungo cha mwisho cha kiufundi. Ni mrithi wa mkalimani aliyesimama kando ya picha, akiwa sasa ndiye anayeamua picha iwe ipi.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, makanisa yajumuishe malipo ya mtayarishaji katika bajeti ya kwaya kabla ya siku ya kupiga picha, badala ya kuyaacha yategemee uzinduzi, na jina lake liandikwe pamoja na la mtunzi. Pili, kila kwaya itunze nakala kamili ya kazi yake nje ya kompyuta ya mtayarishaji, ikiambatana na karatasi yenye mwaka, mahali, lugha, majina ya waimbaji na ya waliotengeneza. Karatasi hiyo haina gharama, na mzee mmoja wa kwaya anaweza kuijaza leo akiwa bado anakumbuka. Tatu, idara za Kiswahili na za historia katika vyuo vikuu vya Burundi, Tanzania na mashariki ya Kongo zishirikiane kukusanya mikanda na diski hizo kuanzia miji ya mwambao. Kazi hiyo inapaswa kuanza na VHS na VCD za kwaya za warejeaji, kwa kuwa ndizo zinazoharibika kwanza, na waliozitengeneza bado wako hai kuzisimulia.